Ramani, Mfuko na Mguu wa Mtoto: Habari za West Nile

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi askari wa jeshi na wa polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na penye vizuizi vya barabara, mazungumzo yetu ya leo yanahusu watoto wenye ulemavu. Huenda wako miongoni mwenu watakaouliza jambo hili linahusiana vipi na kazi ya ulinzi. Linahusiana sana. Katika nchi ya West Nile, habari za jeshi na habari za mtoto asiyeweza kutembea zimo katika kitabu kimoja, ila kurasa za kwanza zimesomwa mara nyingi na zile nyingine hazikufunuliwa.

Tuchukue mahali pamoja tu: Onduparaka, kando ya mji wa Arua, katika nchi ya Ayivu. Wengi wenu mnalijua jina hilo kwa sababu ya mpira. Timu ya Onduparaka iliundwa mwaka 2011, na kufikia mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kupanda hadi ligi kuu ya Uganda, ikiwa na mashabiki waliosafiri kwa malori na mabasi kuifuata kila ilipocheza. Ni sifa njema, nasi hatuna nia ya kuipunguza. Lakini leo tunataka kutazama miguu mingine, ya watoto wa vijiji vile vile na vya njia ya kwenda Koboko, ambayo haikuwahi kuupiga mpira. Na tunataka kuuliza ni nini kilichoifanya iwe hivyo. Jibu la haraka la watu wengi ni kwamba ni kudra, au ni uchawi, au ni laana ya ukoo. Historia inatoa jibu jingine. Inasema kwamba ugonjwa humfikia mtoto wa tajiri na wa maskini, wa Kampala na wa Arua, lakini safari ya kutoka kwenye ugonjwa hadi kwenye ulemavu wa maisha hupimwa kwa maili na kwa shilingi.

West Nile iliingia Uganda ikiwa imechelewa. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji sehemu ile iliyoitwa Lado. Mfalme huyo alipofariki Desemba 1909, sehemu hiyo ikapewa Sudan mwaka 1910, na kipande chake cha kusini, ambacho ndicho West Nile, kikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Hivyo basi, wakati Arua ndiyo kwanza inampata D.C. wake, hospitali ya Mengo huko Buganda ilikuwa imekwisha kutibu watu tangu mwaka 1897, na reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901. Pengo hilo la miaka lilikuwa la kwanza, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuliziba. Ilichokitaka West Nile kilikuwa watu: vibarua wa kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira, na askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya.

Mwenye kuandikisha askari alikuwa na kazi moja. Alipanga vijana mstari, akapima urefu wao, akatazama vifua, meno na nyayo. Aliyefaa aliandikwa jina, akapewa namba, akapelekwa kusini. Asiyefaa alirudi kwa mama yake, na jina lake halikuandikwa popote. Tunasema haya si kwa kuwalaumu askari wa zamani, ambao wengi walikufa mbali na kwao wakipigana vita visivyokuwa vyao. Tunasema ili ieleweke kwamba serikali iliijua miili mizima ya West Nile vizuri sana, kwa sababu iliihitaji, na haikuwa na sababu ya kuijua miili mingine. Kijana mrefu wa Koboko alikuwa mali. Ndugu yake mwenye mguu mwembamba alikuwa shauri la ukoo wake.

Kuna kisa kimoja cha Mto Nile ambacho kinaonyesha jambo hili kuliko maelezo mengi, nacho chastahili tukikalie kidogo.

Kando ya mito iendayo kasi huishi inzi mdogo mweusi aitwaye usubi. Hutaga mayai yake katika maji yanayokwenda mbio, na jike lake hunyonya damu ya watu. Katika kunyonya hueneza vijidudu virefu kama uzi, ambavyo huzaliana mwilini kwa miaka mingi, hushambulia ngozi, na mwisho huingia machoni. Ndio ugonjwa unaoitwa upofu wa mtoni. Mara nyingi anayepofuka ni mtu mzima, lakini mtoto halipi kidogo: ndiye anayeshikishwa ncha ya fimbo ya babu au ya baba, naye huacha shule awe macho ya mwingine. Tena, katika miaka hii ya karibuni wataalamu wameona kwamba penye usubi wengi na pasipotolewa dawa, kifafa cha watoto nacho huwa kingi kupita kawaida; na ile maradhi ya kutikisa kichwa iliyowapata maelfu ya watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo ilitokea katika nchi ya usubi vile vile. Mtoto wa kifafa huanguka motoni, huanguka mtoni, hufukuzwa shule kwa hofu ya wenzake. Ulemavu mmoja huzaa mwingine.

Basi usubi huyo alikuwako Jinja, mto unapotoka ziwani, na alikuwako pia kaskazini, katika vijito na mito ya West Nile na Madi. Mwaka 1952, wakati bwawa la Owen Falls likijengwa, serikali ya kikoloni ilianza kumwaga dawa ya DDT katika mto pale Jinja ili kuua mabuu ya inzi huyo. Kulikuwa na wahandisi, vibarua wengi, mji wa viwanda uliokuwa ukipanda, na bwawa lenyewe ambalo Malkia Elizabeth alikuja kulifungua mwaka 1954. Kazi ile ilifanywa kwa bidii, ikarudiwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 usubi alikuwa ametoweka katika mto huo wa juu. Ilikuwa ushindi wa kweli wa sayansi, na sifa yake wapewe waliostahili.

Lakini tazameni upande wa chini. Mto ni ule ule, na maji yaliyopita Jinja ndiyo yafikayo Pakwach na Rhino Camp. West Nile haikuwa na bwawa wala kiwanda, na inzi wake wakaachwa. Mkaazi wa kandokando ya vijito vya Nyagak au Wadelai alisubiri hadi dawa ya vidonge, ivermectin, ambayo watengenezaji wake walianza kuitoa bure mwaka 1987, ilipoanza kugawiwa vijijini katika miaka ya 1990. Uganda iliamua mwaka 2007 kwamba ugonjwa huu sasa uondolewe kabisa, si kupunguzwa tu, na tangu hapo sehemu kadhaa, zikiwamo Wadelai na Maracha-Terego, zimetangazwa kwamba maambukizi yamekatika. Ni habari njema sana. Lakini kati ya dawa ya Jinja na vidonge vya West Nile ilipita miaka kama 40. Hiyo ni miaka ya watoto wa vizazi viwili. Wala haikupita kwa kuwa sayansi ilikuwa haijui la kufanya.

Sasa tuje kwenye polio. Virusi vya polio huingia kwa kinywa, katika maji na chakula kilichochafuliwa. Watoto wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili kubwa, lakini kama mmoja katika kila 200 hupooza, mara nyingi mguu, nao haurudi. Katika miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na bahati ya kuwa na daktari wa mifupa aliyeitwa Ronald Huckstep, aliyefanya kazi Makerere na Mulago. Yeye aliona haraka kwamba vyuma vya miguu vilivyoagizwa kutoka Ulaya havifai kwa nchi yetu. Vilikuwa ghali, vilihitaji kiatu maalumu cha ngozi, na vikivunjika hapakuwa na fundi wa kuvitengeneza. Akabuni vyuma vya bei ndogo vilivyoweza kuungwa na mafundi wa hapa kwa vifaa vinavyopatikana hapa, na mwaka 1975 kitabu chake juu ya polio katika nchi zinazoendelea kilichapishwa. Mtoto aliyekuwa akitambaa kwa viganja na magoti alinyoshwa, akafungwa chuma, akapewa magongo, akasimama.

Hapa ndipo ramani inapoingia. Chuma cha mguu si kitu cha kupewa mara moja. Mtoto hukua, na chuma hakikui. Aliyefungwa akiwa na miaka 4 atahitaji kingine baada ya muda mfupi, na kingine tena, hadi awe mtu mzima. Mtoto wa Kampala huenda Mulago kwa miguu ya baba yake. Mtoto wa Onduparaka yuko karibu kilomita 500 kutoka Mulago. Reli ya kaskazini ilifika Pakwach mwaka 1964, ikakomea huko, Arua haikuifikia. Baba mwenye mshahara, karani au askari, aliweza kununua tiketi ya basi na kumkalia mtoto mjini wiki mbili. Baba mlima tumbaku na mihogo alifanya hivyo mara moja kama alibahatika, na chuma kile cha kwanza kilipokuwa kifupi kilitundikwa ukutani. Kwa hiyo, hata ndani ya kijiji kimoja, mtoto wa mwenye mshahara alisimama na wa jirani yake alirudi kutambaa. Ugonjwa ulikuwa mmoja.

Wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa Idi Amin alikuwa na asili ya Koboko na askari wake wengi walitoka kaskazini, nchi ile ilishiba katika miaka yake minane. Waliopata walikuwa wachache, nao walipata magari na vyeo, si zahanati za watoto. Na bili ya miaka ile walikuja kuilipa wasiokula.

Kabla ya bili hiyo, kuna jambo jingine la ajabu kidogo katika historia ya West Nile. Nchi hii iliyokosa huduma haikukosa wanasayansi. Hospitali ya Kuluva, kusini ya Arua, ilijengwa na wamisionari katika miaka ya 1940, na madaktari wake wawili, ndugu Ted na Peter Williams, walitunza kumbukumbu za wagonjwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1961 Ted Williams alisafiri na Denis Burkitt wa Mulago safari ya maili 10,000 kwa gari, wakichunguza ni wapi katika Afrika watoto wanapata uvimbe ule wa taya ambao leo huitwa kwa jina la Burkitt. West Nile ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatikana nao kwa wingi. Uvimbe huo usipotibiwa huua. Ukicheleweshwa huweza kula jicho au kubana uti wa mgongo hata mtoto akapooza. Lakini ukiwahiwa ni miongoni mwa saratani zinazoyeyuka upesi kwa dawa. Kuanzia mwaka 1972 watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, chini ya Guy de Thé, walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, wenye umri usiozidi miaka 8, ili wajue kama virusi fulani hutangulia uvimbe huo. Matokeo yalitolewa mwaka 1978 na yakawa msingi wa elimu kubwa duniani. Hatusemi kazi ile ilikuwa mbaya. Tunasema tu kwamba gari liliweza kufika kila kijiji kutafuta damu ya mtoto, na hilo lilithibitisha kwamba vijiji vile vinafikika.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1979, na Oktoba 1980 mapigano yakaingia Koboko na Arua. Askari wa serikali ya wakati ule waliwaadhibu raia kwa makosa ya watawala waliokwisha kukimbia. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci, jirani kabisa na Arua, raia waliokuwa wamekimbilia humo kwa kuamini kwamba ni mahali pa amani walishambuliwa na askari, na wengi wakauawa. Wengine walibaki hai na viungo vilivyovunjika. Haya ni mambo mazito kuyataja mbele ya askari, lakini askari wa leo hapaswi kufichwa. Maelfu kwa maelfu ya watu wa West Nile walivuka mpaka, upande wa Yei katika Sudan na upande wa Aru katika Zaire ya wakati huo.

Sasa fuateni tarehe. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulizinduliwa Uganda Oktoba 1983. Ndio mpango uliokuja kuiokoa miguu ya watoto wa nchi hii, na macho yao pia, maana surua nayo hupofusha. Lakini Oktoba 1983 sehemu kubwa ya watoto wa West Nile hawakuwa nchini. Walikuwa wakimbizi, wakizaliwa chini ya maturubali na vibanda vya nyasi, penye choo kibaya na maji mabaya, yaani mahali pale pale ambapo virusi vya polio hupapenda. Wengi walirudi baada ya mwaka 1986, wakati vita vya Sudan vilipowageukia, nao wakarudi kwenye zahanati zilizobomolewa. Watoto wa miaka ile sasa ni watu wazima wa miaka 40 na zaidi. Ukimwona mmoja wao akiendesha baiskeli ya mikono katika barabara za Arua, jua kwamba umri wake unaeleza habari ambayo daktari hakuiandika.

Polio ya asili ilionekana Uganda kwa mara ya mwisho mwaka 1996, na mwaka 2006 nchi ikatangazwa kuwa huru, ingawa virusi viliingia tena kutoka nje mwaka 2009 na 2010 na kuzimwa. Kazi hiyo ilifanywa na wauguzi na wahamasishaji waliokwenda nyumba kwa nyumba, na mahali penye hatari askari waliwalinda. Ni moja ya kazi njema kabisa zilizofanywa na bunduki za nchi hii, na haikufyatuliwa risasi.

Je, miguu myembamba imekwisha? Haikwisha, na sababu yake iwaguse askari polisi. Polio ilipoondoka, madaktari wa Mulago walizidi kuona watoto waliopooza mguu mmoja baada ya kuchomwa sindano ya kwinini matakoni. Ndani ya tako hupita mshipa mkubwa wa fahamu unaotawala mguu. Sindano ikichomwa mahali pasipofaa, na dawa kali kama kwinini ikamwagika juu ya mshipa huo, nyayo hulegea na mguu hukonda. Mtoto alikwenda kutibiwa homa akarudi kilema. Na ni mtoto gani huchomwa namna hiyo? Ni yule ambaye mama yake hakuwa na nauli ya hospitali, akaenda kwenye kiduka cha dawa cha jirani kisicho na leseni, ambako mchomaji alijifunza kazi kwa kutazama. Siku hizi dawa ya malaria kali imebadilishwa, kwinini imepewa nafasi ya nyuma, lakini viduka vipo. Askari wa kituo hujua mahali vilipo. Mara nyingi yeye mwenyewe hununua hapo.

Na homa yenyewe haikugawanywa sawasawa. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 na 2019, watoto wadogo waliokutwa na vijidudu vya malaria katika damu walikuwa asilimia 9 kwa nchi nzima. Kampala hawakufikia asilimia 1. West Nile walikuwa asilimia 22. Malaria ikipanda kichwani, mtoto aliyepona huweza kubaki na kifafa, uziwi, au mwili uliokakamaa upande. Tena umaskini ulikuwa umegawanywa kwa mkono ule ule: kwa hesabu ya mwaka 2016/17, watu walioishi chini ya mstari wa umaskini walikuwa asilimia 21.4 nchini na asilimia 34.9 West Nile. Hatusemi umaskini ni kiini cha kila ulemavu. Mtoto wa tajiri huzaliwa na mguu uliopinda sawa na wa maskini.

Hebu tuuchukue mguu huo uliopinda, ambao hospitalini huuita mguu kifundo. Uganda kiasi cha mtoto 1 katika kila 800 hivi huzaliwa nao. Matibabu yake yanajulikana, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yamefundishwa hapa nchini: mguu wa mtoto mchanga hunyoshwa polepole kwa mikono, hufungwa plasta, na plasta hubadilishwa kila wiki kwa wiki tano au sita, halafu hukatwa mshipa mdogo wa kisigino, na mtoto huvaa viatu vyenye chuma katikati, usiku, kwa miaka kadhaa. Hakuna upasuaji mkubwa wala mashine. Mtoto aliyetibiwa hivyo hukimbia. Mama wa Onduparaka, aliye karibu na hospitali ya Arua, anaweza kuzimaliza safari hizo. Mama wa ndani ya Koboko atapanda bodaboda na kisha gari mara sita, akiacha shamba na watoto wengine, na wiki ya tatu, fedha ikiisha, ataacha. Plasta inayoachwa nusu ya njia huurudisha mguu ulivyokuwa.

Penye kuhitajika upasuaji mambo huwa magumu zaidi. Hospitali ya watoto ya CURE, ambayo tangu mwaka 2001 imetibu watoto wenye vichwa vilivyojaa maji kwa ustadi unaosifiwa duniani, iko Mbale, mashariki. Hospitali ya CoRSU ya viungo vya watoto, iliyofunguliwa mwaka 2009, iko Kisubi, njia ya Entebbe. Zote mbili ni fahari ya nchi, na zote mbili ziko ng'ambo ya Nile kwa mtu anayetoka Arua.

Msikilizaji atauliza: basi walemavu hao ni wangapi? Hapa yafaa kuwa na hadhari, maana hesabu nazo zina historia yake. Sensa ya mwaka 1991 ilisema walemavu wa Uganda ni asilimia 1.1 ya watu. Ya mwaka 2002 ikasema asilimia 3.5. Ya mwaka 2014 ikasema asilimia 12.4 ya wenye umri wa miaka 2 na zaidi. Hakuna tauni iliyowapata watu katikati. Kilichobadilika ni swali. Zamani karani aliuliza kama nyumbani kuna kilema, na mzazi, kwa aibu, alijibu hakuna. Baadaye makarani walifundishwa kuuliza kama mtu hupata taabu kuona, kusikia, kutembea au kukumbuka. Uchunguzi wa mwaka 2017 uliouliza hivyo uliona ulemavu katika asilimia 7.5 ya watoto wa miaka 5 hadi 17.

Hata hivyo kuna hesabu isiyoingia katika sensa yoyote. Watafiti waliowafuatilia watoto wenye mtindio wa ubongo huko Iganga na Mayuge, mashariki mwa nchi, waliona kwamba walikufa kwa kiwango cha kama mara 25 ya watoto wengine. Basi mahali penye huduma duni huweza kuonekana pana walemavu wachache, na mwenye kusoma jedwali akadhani ni dalili ya afya, kumbe waliokosekana wamezikwa.

Mwaka 1997 elimu ya msingi ilipofanywa bure kwa watoto wanne wa kila nyumba, serikali iliagiza kwamba kama nyumbani kuna mtoto mlemavu, yeye awe wa kwanza kuandikishwa. Mwandishi wa maneno haya anaiona amri hiyo kuwa miongoni mwa maneno bora yaliyopata kuandikwa na serikali yetu. Kwa mara ya kwanza mzazi alikuwa na faida ya kumtaja mtoto aliyekuwa akimficha. Lakini darasa lilijaa watoto mia, mwalimu mmoja, hakuna maandishi ya nukta kwa vipofu wala mwenye kujua ishara za viziwi. Na wengi walioandikwa wa kwanza walikuwa wa kwanza kutoka. Tangu mwaka 2016, Bidibidi ilipofunguliwa huko Yumbe kwa wakimbizi wa Sudan Kusini na kupokea zaidi ya watu 250,000 katika miezi michache, madarasa ya sehemu ile yamebanana zaidi, na miongoni mwa waliovuka wamo watoto waliobebwa mgongoni katika umri ambao mtoto hutembea.

Mtindio wa ubongo tulioutaja huanza mara nyingi saa ile ya kuzaliwa, mtoto anapochelewa kulia na ubongo wake kukosa hewa. Dakika zile zinahitaji mkunga aliyefunzwa, taa, na mashine ya oksijeni inayoendeshwa kwa umeme. Umeme wa bwawa la Owen Falls ulianza mwaka 1954. Kwa miaka mingi Arua iliwashwa kwa jenereta kwa saa chache za usiku, hadi mtambo mdogo wa mto Nyagak ulipoanza kazi mwaka 2012, nao ukawa haukutosha. Nyaya za gridi ya taifa zilifika West Nile mwaka 2024, mwaka wa 70 tangu bwawa lile kufunguliwa.